Alama ya Wino ya Walikale

Bonifasi amezikwa Walikale mwezi uliopita, na mimi sikwenda. Nilisema miguu, nilisema kifua, nilisema barabara, na yote yalikuwa kweli. Mtu wa umri wangu hakosi ugonjwa wa kusingizia. Lakini hata ningepewa miguu ya kijana na gari mlangoni hapa Lushebere, nisingekwenda. Pale kaburini wangeniita mbele kama rafiki wa marehemu wa tangu ujana, nami ningesimama na kofia mkononi nikisema maneno mazuri juu ya mtu niliyemficha jambo moja mpaka alipofumba macho. Juma lililopita akaja binti yake. Anaitwa Feza, jina la mama yake, na mimi namwita Feza Mdogo hadi leo ingawa ana wajukuu na amestaafu ualimu kule Bweremana. Alishuka kwenye pikipiki, akapangusa tope kwenye viatu, akanipa mfuko wa samaki wadogo wa ziwani na picha ya baba yake ndani ya fremu. Tukala. Baada ya kula akaniuliza swali, na swali hilo ndilo limenirudisha mezani kuandika sura hii, ambayo nilikuwa nimeapa kuiruka. Sura nyingine nimeziandika kwa raha, nikijisifu na kuwatania wenzangu. Hii naiandika kwa sababu sina pa kukimbilia tena.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, katikati ya miaka ya hamsini. Mimi na Bonifasi tulikuwa tumetoka shule ya TSF kule Bukavu. TSF ndivyo tulivyoita simu ya hewani isiyo na waya, nasi tulikuwa tumesomea kuituma na kuipokea kwa alama za Morse. Kule shuleni tulilala chumba kimoja chenye dirisha dogo na harufu ya mafuta ya taa na maharagi, kwa kuwa tulipika humo humo kinyume cha sheria. Kwenye meza ya chakula, mahali ambapo kuzungumza kulikatazwa, sisi wawili tulizungumza kwa mikono: ukucha ukigonga ubao ni alama fupi, kiganja kikipiga ni alama ndefu. Mwangalizi alipita nyuma yetu akidhani tunaua nzi, kumbe Bonifasi ananiambia kwamba bugali la leo ni la juzi. Nilicheka mpaka nikafukuzwa mezani zaidi ya mara moja. Sijapata tena rafiki wa kuchekesha namna hiyo, na mikono ile imekaa kimya sasa.

Mwalimu wetu alikuwa Mzungu mwembamba mwenye kikohozi, mtu asiyependa mzaha. Alitufundisha kwamba posti ya TSF hairushi maneno. Inarusha wimbi moja lililonyooka, wimbi mbebaji, na sisi kazi yetu ni kulikata vipande vifupi na virefu. Ndani ya chombo cha anayesikiliza kuna wimbi jingine dogo, la kwake mwenyewe. Mawimbi hayo mawili yanapokutana, tofauti yao ndiyo filimbi unayoisikia masikioni: tofauti ikikua, filimbi inakuwa nyembamba, ikipungua, inakuwa nzito. Kisha akasema hakuna wimbi duniani linalosimama wima kama msumari. Kila wimbi linatetemeka. Tetemeko likiwa dogo, filimbi ni safi. Likiwa kubwa, filimbi inakwaruza kama mtu anayetembea juu ya changarawe, na inamwagika mpaka kwenye mawimbi ya jirani. Kinacholituliza ni kwarzi, kijiwe chembamba kinachokaa kwenye chombo cha kurushia. Bonifasi akanong'ona kwamba hata mama anayebeba kitunga cha viazi, akiyumba viazi vinamwagika. Mwalimu alimsikia, akasema ndivyo hasa. Halafu akatupa neno la mwisho la somo lile: filimbi ikihama mahali pake, msikimbilie kusema kwamba yule wa mbali amehama, jiulizeni kwanza nani kahama, yeye au ninyi. Bonifasi aliandika. Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Tukagawanywa. Mimi nilipelekwa Masisi, kwenye baridi na ukungu. Yeye Walikale, kwenye msitu na joto. Nilipanga chumba kwa Mama Asteria, mjane mwenye ng'ombe, ambaye maziwa yake yalijulikana mpaka Bihambwe, na ambaye aliamini kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti na kusikiliza ni ugonjwa. Kila asubuhi aliniwekea viazi vya moto na kibuyu cha maziwa ya kuganda, akasimama juu yangu mpaka nimalize. Chumba cha TSF kilikuwa kimebandikwa kwenye ofisi ya mkubwa wa posti, mtawala wa serikali wa pale, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao tu, hivyo nilisikia kila kitu upande wa pili: mihuri, kikohozi, maneno ya watu wakubwa waliodhani mtu aliyevaa kaski masikioni hasikii. Mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi, niliita posti zote moja baada ya nyingine, nazo zikaitika. Baada ya miezi michache nikawa hodari. Nilizijua posti kwa filimbi zake kabla hazijataja majina. Mchana mmoja wa jua kali, chombo changu kikiwa kimepata moto vizuri, nilichukua kalamu yenye ncha ya sindano na kuchora alama za wino pembeni ya kirungu cha kuzungushia: Bukavu hapa, Walikale hapa, nyingine hapa. Mkubwa alifurahi, akawa anawaleta wageni kuniona. Nilizungusha kirungu mpaka kwenye alama, nikawapa kaski, nao wakasikia filimbi safi ya mtu aliye mbali milimani au msituni. Kichwa kikanivimba. Tangu siku hiyo nilikuwa naangalia tu. Kusikiliza nilikuwa nimeacha, ila sikujua.

Palikuwa na kero moja. Mzungu mmoja mwenye shamba la pareto alikuwa amejitengenezea chombo chake, kibovu, kisicho na kwarzi, na saa zile zile za kazi yetu alipiga soga na wenzake. Filimbi yake ilikwaruza na kuyumba, na mara nyingi ilikaa juu kidogo ya alama ya Walikale. Mkubwa wa posti alitoa amri: yeyote asiyekuwa mahali pake asijibiwe, asiandikwe, aachwe apige kelele zake. Amri hiyo niliipenda sana, maana ilinipa ruhusa ya kumdharau Mzungu.

Bonifasi alioa mwaka huo huo. Nilishuka Walikale kwa lori kwenda kwenye arusi, na huko nikamwona Feza kwa mara ya kwanza: mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nilipoletwa mbele yake aliniangalia kichwa akashika mdomo. "Njo huyu wa masikio?" akamuuliza Bonifasi, kisha akanigeukia. "Kaka, usikasirike. Masikio iko mukubwa, aksanti Mungu. Bwana yangu hatapotea." Watu walicheka, mimi pia. Alinipakulia wali na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese mpaka nikaomba msamaha. Baada ya hapo, kila tulipomaliza kazi za serikali, Bonifasi aliongeza maneno mawili matatu yaliyokatazwa. Feza anakusalimu. Feza ana mimba. Feza anataka viazi vya Masisi na hataki vingine. Nilimpa dereva wa lori gunia dogo la viazi, naye akaniletea chupa ya mawese iliyozibwa kwa jani la ndizi. Mama Asteria aliionja kwa kidole na kusema watu wa msituni wanaishi vizuri.

Jumatatu moja, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ukungu umeshuka hadi kwenye kizingiti. Kanuni ilikuwa nifike nusu saa kabla, niwashe chombo ili lampi zake zipate moto, kwa sababu chombo cha baridi wimbi lake la ndani halikai mahali pake. Nilijua hilo. Lakini Mama Asteria alikuwa ameweka viazi na siagi mbichi, moto ulikuwa mzuri, na pale jikoni alikuwepo mpwa wake aliyekuja kuleta majani ya ng'ombe, msichana ambaye nilitaka anione nikila taratibu kama mtu wa ofisi. Nilifika saa moja kamili, nikiwa bado nanuka moshi. Nikawasha, nikavaa kaski, nikazungusha hadi kwenye alama ya wino ya Walikale, nikaita. Kimya. Nikaita tena. Hakuna kitu kwenye alama. Lakini mbali kidogo, juu ya alama, palikuwa na filimbi ya hovyo, nyembamba, inakwaruza, inapanda na kushuka katikati ya herufi kana kwamba anayeipiga amelewa. Mkono wangu, kwa mazoea, uliandika herufi tatu kwenye karatasi: E, Z, A. Kisha tena: E, Z, A. Nikaguna. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Wewe muzungu, nenda ukalale." Nikazifuta herufi zile kwa mstari mmoja. Chombo kilikuwa na kifungo cha kubana usikivu ili sauti za jirani zisiingie. Nikakizungusha mpaka mwisho, na ile filimbi ikazimika kabisa. Kwenye daftari la kazi nikaandika: Walikale, kimya.

Saa sita nilifanya hivyo hivyo. Saa kumi pia. Mara tatu niliita jina la posti yake, mara tatu nikabana kifungo, mara tatu nikaandika neno lile lile kwa mwandiko mzuri. Jioni nilimsikia mkubwa upande wa pili wa mbao akisoma daftari langu na kumwambia daktari wa pale Masisi, kwa Kifaransa, kwamba kijana wa Walikale ameanza pombe kama wengine na atafukuzwa mwisho wa mwezi. Daktari akasema ni huruma, alionekana mtu wa maana. Nilijua Bonifasi hanywi. Lakini nilikuwa na hasira naye pia, hasira ya kijinga ya mtu aliyeita rafiki na asiitikiwe, na nikala chakula cha jioni bila kumtetea hata moyoni.

Jumanne asubuhi, lori la Walikale lilisimama mbele ya posti likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Dereva, Papa Donati, aliingia kuomba maji ya moto. Alikuwa ametoka kule Jumapili mchana na kukwama siku nzima na usiku karibu na Nyabiondo. Nikamuuliza, nusu kwa kejeli, kama Bonifasi bado yuko hai.

"Eh, hamujue?" akasema. "Radi ilipiga nyumba ya TSF siku ya posho, Jumamosi. Kwarzi imepasuka, mashine ya kuchaji batri imekufa. Ile muntu hakulala. Alikunja mawaya, akatengeneza chombo yake mwenyewe, akafunga ile mashine ya umeme ya kukanyaga na miguu. Yeye mwenyewe anakanyaga, yeye mwenyewe anapiga. Nilimuacha pale, jasho tupu. Na bibi yake iko karibu kuzaa, tumbo iko hapa." Akaweka mkono kifuani.

Nilimwomba aseme tena, akasema tena. Nilirudi kwenye kiti, na nadhani sijawahi kukaa kwenye kiti kwa hofu kama ile, hata miaka ya vita nilipokaa nikisubiri watu wavunje mlango. Maana nilielewa yote kwa mara moja, somo zima la yule Mzungu mwenye kikohozi, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kulipuuza. Bila kwarzi, wimbi lake halikuwa na kitu cha kulishika. Lilipanda jua lilipopasha bati la nyumba yake, lilishuka mashine ilipopungua nguvu. Na kule kuyumba ndani ya herufi, kule kukwaruza nilikokuita ulevi, kulikuwa miguu yake. Alipokanyaga kwa nguvu filimbi ilipanda, alipochoka ikashuka. Nilikuwa nimesikia miguu ya rafiki yangu na nikaiambia ikalale. Tena hakuwa amehama peke yake. Asubuhi ile chombo changu kilikuwa baridi kama jiwe. Mimi nilikuwa nimehama upande wangu, yeye upande wake, na alama ya wino ikabaki katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtu. E, Z, A. Nilijua sasa herufi ya mbele iliyopotea ni ipi. Mume hapigi jina la mkewe mara mbili asubuhi na mapema kwa ajili ya salamu.

Sikungoja saa sita. Nilifungua kifungo cha kubana hadi mwisho, kelele zote za mbingu zikaniingia masikioni, nami nikaanza kutafuta, kidogo kidogo, kuanzia juu kabisa. Nilimwita. Nilinyamaza. Nilizungusha. Nilimpata yule wa pareto akizungumzia mbwa wake. Nilimpata padri mmoja wa mbali. Niliomba Mungu kwa sauti, na mlinzi akachungulia dirishani akaondoka. Saa moja ilipita, saa mbili zikapita, na kila dakika niliwaza kwamba labda miguu imekwisha, labda alikuwepo jana tu, zile mara tatu, na leo hayupo tena. Mama Asteria alikuja na chakula mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaniona uso, akaweka kibuyu chini. Karibu na saa sita, mbali sana na alama, mahali ambapo nisingetafuta siku nyingine yoyote, nikasikia changarawe. Nyembamba, inazama. Nilishika kirungu kwa vidole vitatu. Iliposhuka, nikashuka nayo, ilipopanda, nikapanda. Nikagundua kwamba anaanza kila neno kwa nguvu na kulimaliza kwa unyonge, basi nikajifunza kushuka naye polepole hadi mwisho wa neno, kisha kurukia juu kumpokea kwenye lingine. Hivyo, herufi kwa herufi, nikapata: Feza utungu tangu Jumapili usiku. Mtoto amelala kukingama. Daktari. Daktari. Daktari.

Niligonga ukuta wa mbao kwa ngumi zote mbili. Mkubwa akamwita daktari, naye hakuuliza maswali. Baada ya robo saa alikuwa ameondoka na gari na muuguzi wake. Mimi nikamrudishia Bonifasi kwamba nimepata yote, daktari yuko njiani. Yeye alikuwa ananisikia vizuri tangu mwanzo, kwa sababu batri iliyobaki ilitosha kusikilizia. Fikiria hilo, wewe unayesoma. Tangu Jumatatu asubuhi alikuwa anasikia sauti yangu ikimwita, Walikale, Walikale, uko wapi, naye anakanyaga na kujibu, niko hapa, niko hapa, na mimi namwita tena kana kwamba hajasema kitu. Alinijibu maneno machache. Asante kaka, nilijua uko. Halafu filimbi ikashuka, ikashuka, ikazimika, na nikaelewa kwamba ameacha kukanyaga.

Gari lilikwama mara mbili. Daktari alifika giza limeingia, akampasua Feza kwa mwanga wa taa za kandili, akamtoa mtoto wa kike akiwa hai. Feza aliishi mpaka Alhamisi. Siku hiyo hiyo ya Alhamisi ndipo alipofika Masisi mjumbe kutoka Walikale, baiskeli imepinda gurudumu, akiwa na barua ya Bonifasi iliyolowa ndani ya shati. Alikuwa ametumwa Jumatatu, baada ya mimi kushindwa kumjibu mara ya pili. Daktari aliporudi, nilimsikia upande wa pili wa mbao akivua viatu vyake. Mkubwa akamuuliza habari. Daktari akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba ujumbe ungemfikia Jumatatu asubuhi, angewaokoa wote wawili, bila shaka yoyote. Mkubwa akasema, mashine mbovu ile, utafanya nini. Nikalitazama daftari langu. Walikale, kimya. Ningeweza kusimama na kuzunguka ule ukuta; ni hatua sita. Sikusimama. Nilichukua kitambaa chenye spiriti nikafuta alama za wino zote, na mkubwa aliponiuliza kwa nini, nikasema zimefifia.

Bonifasi alipanda Masisi baada ya miezi miwili, mtoto mgongoni kwa dada yake. Mama Asteria alichinja kuku, akampa mtoto maziwa kwa kijiko, akamwambia Bonifasi ale. Hakula. Alikuwa amekonda hadi shingo imekuwa ndefu. Miguu yake ilitetemeka chini ya meza, nami niliona maji yakicheza kwenye gilasi.

"Kaka," akaniambia, "ile siku ya kwanza, mashine yangu haikufika kwako. Nilikanyaga, lakini miguu ilikuwa muregevu. Miguu njo ilimuua Feza."

"Usiseme vile," nikamwambia.

"Wewe ulifanya yote. Ulinitafuta mupaka ukanipata. Ningekuwa na miguu ya nguvu, ungenisikia siku ya kwanza."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na neno mdomoni, nalijua ladha yake mpaka leo. Nikasogeza bakuli la sombe mbele yake nikasema, "Kula, ndugu yangu." Baadaye kulikuwa na nafasi nyingine, harusi, misiba, mara moja safari nzima ya lori tukiwa bega kwa bega, na kila mara nilijiambia kwamba nikimwambia nitamwumiza zaidi. Huo ni uongo ninaoujua vizuri. Nilikuwa namlinda mtu mwenye masikio makubwa.

Sasa nirudi kwa Feza Mdogo, hapa Lushebere, juma lililopita, sahani za samaki zikiwa bado mezani. Alikuwa ameegemeza picha ya baba yake kwenye birika. Akasema bila kuniangalia:

"Papa Evariste, muzee alikuwaka anasema kila wakati: kama miguu yangu ingekuwa na nguvu, mama yako angekuwa hai. Mupaka mwisho. Siku tatu za mwisho hakuweza kusema, lakini chini ya blanketi miguu ilikuwa inatembea. Ba enfirmie wa hospitali walisema ni ugonjwa ya mishipa. Mimi nilijua anafanya nini. Alikuwa anakanyaga." Akanitazama. "Sasa uniambie kweli. Ile siku ya kwanza, hakuna kitu ilifika?"

Nilitazama mlango. Nilitazama picha. Niliona kwamba nikisema hapana, jambo hili litazikwa nami bila tabu, na kwamba mtu aliyekuwa anakanyaga chini ya blanketi ataendelea kukanyaga.

"Ilifika," nikasema. "Asubuhi, saa moja. Nilimusikia. Niliandika, nikafuta. Saa sita nikamuzima tena, na saa kumi. Nilizani ni muntu mwingine, sababu filimbi haikuwa mahali pake. Papa yako miguu yake ilikuwa ya nguvu. Ilifika mara zote tatu."

"Alijua?"

"Hapana. Sikumuambia."

Hakulia, wala hakunitukana, na afadhali angenitukana. Kisha akauliza alichosema baba yake asubuhi ile. Nikamwambia ni herufi tatu tu. Akasema anataka kuzisikia. Nikasogeza sahani, nikaweka mkono mezani kama tulivyofanya Bukavu, ukucha kwa fupi, kiganja kwa ndefu, nikapiga kama nilivyopokea, bila kuongeza. Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Ukucha uligonga mara mbili mahali pa moja, kiganja kikachelewa, ikawa fujo tupu. Nilimwomba radhi. Nikasema ngoja nirudie vizuri.

Feza Mdogo akaweka mkono wake juu ya wangu kuuzuia. Kwa mkono mwingine akapiga ubao polepole: fupi, fupi, ndefu, fupi. Ile herufi ya mbele iliyokosekana.

"Ni jina langu," akasema. "Alinifundishaka juu ya meza, nikiwa mutoto. Mukono yako inatetemeka, na kichwa ya jina haiko. Lakini nimeisikia mara moja tu, Papa Evariste, na nimeijua. Mara moja."